Pesa za Familia Maskini Zina Tarehe na Zina Karatasi

(Hotuba iliyotolewa kwa wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa vijiji na wasaidizi wa kisheria wanaofuatilia Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa taslimu kila mwezi wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazee wetu, kina mama, vijana, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mnaobisha hodi kwenye nyumba ambazo wengine hawajui hata njia ya kwenda: asanteni kwa kuja.

Nina swali kabla ya jingine lolote. Kijijini kwako, ni nani aliyetimiza miaka 70, hana pensheni, na bado hapokei pesa za wazee? Tafadhali usinijibu kwamba wako wengi. "Wako wengi" haiwezi kuzidishwa kwa shilingi 2,000, ambayo ndiyo malipo ya mtu mmoja kwa mwezi. Nitajie jina. Alienda kwa naibu wa chifu mwezi gani? Aliambiwa nini? Aliyemwambia ni nani, na je, jibu hilo liliandikwa popote?

Nani? Lini? Kwa karatasi gani? Leo nitayarudia maswali hayo mpaka mchoke nayo. Tumezoea kupeleka huzuni barazani, na huzuni hupigiwa makofi kisha ikaachwa pale pale uwanjani. Bajeti haina safu ya huzuni. Ina safu ya idadi ya watu, kiwango cha malipo na miezi 12.

Msingi wa kusimamia tunao. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu hicho hicho kinaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Haya mengi mmeyasikia. Ambalo halisemwi sana liko katika Kifungu cha 20(5): Serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki hizo, ni wajibu wa Serikali yenyewe kuonyesha kwamba hazipo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwao, ndugu zangu. Mama anayefika ofisini kuuliza kwa nini malipo yake yamekatika hana sababu ya kuanza kwa kuomba radhi.

Sasa tuitazame hiyo pesa yenyewe.

Mpango wa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu ulianza mwaka 2004 kwa majaribio ya familia 500 tu, katika Garissa, Kwale na Nairobi. Familia 500! Leo Inua Jamii, ukijumlisha mayatima, wazee na watu wenye ulemavu mkubwa, inawafikia zaidi ya watu milioni moja. Ilitokaje pale ikafika hapa? Walilinganisha. Familia zilizopokea zilipimwa zikiwekwa kando ya familia zinazofanana nazo ambazo hazikupokea. Ikaonekana vijana wa nyumba zilizopokea wanaingia sekondari kwa wingi zaidi, na wanachelewa zaidi kuanza ngono. Hizo ni hoja ambazo waziri anaweza kuingia nazo Hazina ya Kitaifa. Hakuna aliyemwambia waziri kwamba wako wengi.

Lakini kiwango kimesimama. Shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo kwa miaka mingi zililipwa 4,000 kila baada ya miezi miwili, na imekaa hapo kwa zaidi ya miaka kumi huku bei zikipanda kila mwaka. Je, shilingi 2,000 zinanunua nini? Hapa tusikisie, tupige hesabu pamoja, na mwenye kalamu aandike.

Mashirika yanayogawa chakula wakati wa dharura hupima kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao wa kawaida ni takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe au kunde, na gramu 25 za mafuta ya kupikia. Chukua nyumba ya watu watano kwa siku 30. Nafaka ni kilo 60. Maharagwe ni kilo 9. Mafuta ni karibu kilo 4. Kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia sokoni, moja ikiwa kilo mbili, hiyo ni gorogoro 30 za mahindi na gorogoro nne na nusu za maharagwe. Tuseme gorogoro ya mahindi kwenu ni shilingi 120. Mahindi peke yake ni 3,600. Pesa za mwezi mzima zote zikiishia kwenye mahindi, zinapata gorogoro 16 na kitu, zaidi kidogo ya nusu. Hapo bado hatujagusa maharagwe, mafuta, chumvi, kuni au makaa, ada ya kusaga, sabuni, wala nauli ya kwenda kuchukua hizo pesa zenyewe.

Fanyeni hesabu hii kwa bei za kwenu. Soko lile lile, siku ile ile ya soko kila mwezi, wauzaji watatu wale wale, kisha chukueni bei ya katikati. Na angalieni mkebe! Kuna gorogoro zilizobonyezwa chini, na kuna za kupimia kwa kilima na za kupimia kwa usawa wa mdomo. Mkipima mwezi huu kwa mkebe mmoja na mwezi ujao kwa mwingine, afisa yeyote makini ataitupa karatasi yenu, na atakuwa na haki ya kuitupa. Nendeni na mizani ndogo, pimeni gramu. Baada ya miezi sita mtakuwa na jedwali la ukurasa mmoja ambalo mheshimiwa hawezi kulibishia, kwa sababu bei hizo mkewe anazilipa pia.

Sasa kuna lawama ambazo kila mtu hapa amezisikia. Watu wakipewa pesa watalewa. Wataacha kazi. Bei zitapanda, wote tuumie. Tuzijibu kwa kisa kilichotokea hapa hapa nchini.

Kati ya 2014 na 2017, katika Kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilipeleka kwa M-Pesa takriban dola 1,000 kwa kila familia, kwa zaidi ya familia 10,500. Kigezo kilikuwa rahisi: nyumba iliyoezekwa nyasi. Vijiji 653 vilihusishwa. Vijiji vya kupokea vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na katika baadhi ya maeneo vilikuwa vingi, katika mengine vichache, ili ionekane kinachotokea kwa majirani wasiopokea. Pesa zilikuwa nyingi kweli. Zilipofika kilele zilizidi asilimia 15 ya uchumi wa eneo. Kama bei zilikuwa za kupanda, zingepanda pale. Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1. Soma tena: sufuri nukta moja.

Na majirani? Nao matumizi yao yaliongezeka, kwa sababu aliyepokea alinunua mabati, fundi akalipwa, fundi akanunua chakula, muuza chakula akaongeza bidhaa. Watafiti walikadiria kwamba kila shilingi iliyoingia ilizalisha karibu shilingi mbili na nusu katika uchumi wa eneo. Kuhusu pombe, mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya matokeo ya tathmini kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na hawakuona kwamba pesa taslimu huongeza matumizi ya pombe na sigara. Katika baadhi ya tathmini matumizi hayo yalishuka.

Hata hivyo msiitumie Siaya kwa kutia chumvi. Zile zilikuwa pesa nyingi kwa mkupuo mfupi. Shilingi 2,000 kwa mwezi haziezeki nyumba. Zinachofanya ni kuzuia mbuzi wa mwisho asiuzwe, na kumzuia mtoto asitolewe shuleni wiki ile ambayo kibarua kimekosekana, na hata hilo zinalifanya zikifika kwa wakati. Zikichelewa miezi minne, mama hukopa unga dukani, na awamu ikilipwa pesa zote humwendea mwenye duka. Kwa hiyo mkidai kiwango kiongezwe, daini pia tarehe ya malipo itangazwe na iheshimiwe. Kwa maoni yangu, kama tungelazimika kuchagua moja kati ya hayo mawili mwaka huu, ningechagua tarehe. Pesa ndogo inayojulikana siku yake hupangiwa. Pesa isiyojulikana siku yake hukopewa.

Kisa kingine ni cha unga. Julai 2022, pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200. Serikali ikakubaliana na wasagaji iuzwe shilingi 100 kwa wiki nne, na Hazina ilipe tofauti. Mnakumbuka kilichofuata? Rafu tupu. Kwingi unga wa bei hiyo haukuonekana. Lakini hata ungejaa madukani, jiulizeni: ni nani hununua unga wa pakiti? Maskini wa kijijini hununua mahindi kwa gorogoro akayapeleka posho mill, kwenye kinu cha kusagia. Pakiti ni ya mwenye mshahara, na mwenye mshahara mkubwa hununua pakiti nyingi. Ruzuku ya bei humfuata mnunuzi mkubwa. Pesa zilizoandikwa jina humfuata mwenye jina. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama akiahidi kushusha bei ya unga, msimzomee. Muulizeni: shilingi hizo hizo zikipitishwa Inua Jamii, zitafikia nyumba ngapi kwenye wadi hii?

Je, ina maana chakula chenyewe kisigawanywe? La. Pesa hazina kazi mahali ambapo sokoni hakuna kitu. Kabla hamjaandika kwamba mnataka pesa au mnataka chakula, nendeni sokoni mkaulize. Mahindi yapo leo? Wafanyabiashara wanaoyaleta ni wangapi, au ni mmoja anayejiwekea bei? Nyumba 200 zikija na pesa kwa wiki moja, wanaweza kuongeza lori? Barabara inapitika mvua ikinyesha? Majibu yakiwa mazuri, ombeni pesa. Yakiwa mabaya, ombeni chakula, na muandike kwa nini, mpaka mwezi gani.

Kaskazini wametufundisha kitu hapa. Mpango wa kukabiliana na njaa, ule unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Katika awamu yake ya pili, familia takriban 100,000 zilikuwa zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Lakini waliosajiliwa na kufunguliwa akaunti walikuwa karibu familia zote za kaunti hizo nne, hata wale wasiolipwa. Kwa nini kumfungulia akaunti mtu usiyemlipa? Kwa sababu ukame ukija, hakuna tena muda wa kuandikisha. Setilaiti hupima hali ya mimea na kuilinganisha na miaka iliyopita katika msimu ule ule. Kipimo hicho, cha 0 hadi 100, kikishuka chini ya 20 kwa wastani wa miezi mitatu, huo ni ukame mkali. Kikishuka chini ya 10, umepita kiasi. Kipimo kikigusa mpaka uliowekwa, familia za ziada hulipwa bila mtu kwenda Nairobi kubembeleza na bila mbunge kupiga picha na magunia. Huo ndio mpangilio wa kudai hata kwa kaunti za kusini zenye maeneo makavu: orodha kwanza, akaunti kwanza, kipimo kimekubaliwa kwanza, ukame baadaye.

Na kwenu wahudumu wa afya, jambo moja lisilongoja orodha yoyote. Mtoto wa miezi 6 hadi 59, mkanda wa kupimia mzingo wa mkono wake wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, huyo haendi kwenye foleni ya Inua Jamii. Anakwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chakula cha tiba. Kati ya 11.5 na 12.5, apelekwe kwenye mpango wa lishe na nyumba ifuatiliwe. Kisha, mtoto akiwa salama, rudini muulize kwa nini nyumba hiyo haimo katika sajili.

Na kwa nini haimo? Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza ni kitambulisho. Wazee wengi waliandikiwa mwaka wa kuzaliwa kwa kukisia. Mzee amezidi miaka 70 kwa kila dalili, rika lake lote linapokea, lakini kadi inasema 65. Naibu wa chifu hawezi kulibadilisha hilo, na msimlaumu. Njia ni ofisi ya usajili wa watu, ukiwa na ushahidi: cheti cha ubatizo kama kipo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto wakubwa, au tathmini ya umri kutoka hospitali ya serikali. Inachukua muda. Ndiyo maana ianze sasa, kwa sababu uandikishaji wa Inua Jamii hufunguliwa kwa vipindi. Anayetimiza umri dirisha likiwa limefungwa husubiri, na dirisha likifunguliwa ghafla, aliye na karatasi mkononi ndiye anayeingia. Kila mzee wa miaka 68 kijijini mwenu awe na bahasha tayari.

Sababu ya pili ni majina. Kwenye kitambulisho ni Kadzo, kwenye laini ya simu ni Kazo, kwenye sajili ni Kadso. Mfumo hauwatambui kuwa mtu mmoja, na pesa zinarudi. Wakati wa uandikishaji, msaidizi asimame kando ya anayeandika, asome herufi moja moja kutoka kwenye kadi. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mnufaika mwenyewe, isiwe ya mjukuu aliyeko Mombasa.

Ya tatu ni vidole. Mikono iliyolima miaka 50 imesuguka, mashine haisomi. Mzee anaambiwa arudi kesho, na kesho anaambiwa arudi kesho. Dawa yake ni mlezi aliyeandikishwa rasmi kuchukua kwa niaba yake. Mlezi huandikishwa mapema, si siku ya malipo. Na hapo hapo kuna hatari: mlezi huyo akifa au akihama, nyumba inakatika. Mlezi wa mayatima akifa, watoto wanazika mlezi na kupoteza posho mwezi mmoja. Kamati za ustawi wa wanufaika ziwe na jukumu la kuripoti kifo cha mlezi ndani ya wiki, pamoja na jina la mlezi mpya ambaye ukoo umemkubali.

Pesa zisipochukuliwa awamu baada ya awamu, akaunti hulala na mnufaika huhesabiwa kana kwamba hayupo. Mtu akilazwa hospitalini au akihamia kwa binti yake kaunti nyingine, taarifa itolewe kwa maandishi.

Na la mwisho katika haya linauma kusema. Wapo wanaochukua shilingi 200 au 500 "za kuandikisha". Uandikishaji ni bure. Kubadilisha mlezi ni bure. Kulalamika ni bure. Hakuna afisa anayehitaji nambari ya siri ya mzee. Anayeiomba anaiba, hata akiwa jamaa.

Sasa tuseme mtu amekataliwa. Anafanya nini? Haanzi redioni. Anaanza kwa barua. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Jibu la mdomo la "jina lako halikutoka" si sababu. Barua iwe fupi: jina, nambari ya kitambulisho, kijiji na lokesheni, mpango ulioombwa, tarehe ya kuandikishwa, jibu lililotolewa na aliyelitoa, kisha sentensi moja, "Naomba sababu kwa maandishi." Nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na unarudi nayo. Barua isiyo na muhuri, kwa ofisi, haikuwahi kuandikwa.

Mkitaka takwimu za eneo zima, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wengi wanaiogopa wakidhani ni ya mawakili. Sheria yenyewe inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa wa habari anapaswa kumwandikia na kumpa nakala. Huulizwi unataka habari za nini. Huwezi kutozwa kwa kuomba, ila gharama ya kunakili. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Ikikataa, una siku 30 kuomba Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ipitie uamuzi huo. Kwa hiyo andikeni tarehe ya muhuri, hesabuni siku 21 kwenye kalenda, na siku ya 22 mtu aende akaulize.

Akaulize nini? Kitu kinachojibika. "Tunataka uwazi" haijibiki. "Katika lokesheni hii, ni watu wangapi wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa, wangapi waliidhinishwa, wangapi wamelipwa katika awamu mbili zilizopita, na wangapi wameondolewa na kwa sababu zipi?" Hiyo inajibika. Msiombe majina ya wanufaika na kuyabandika ukutani. Umaskini wa mtu ni siri yake. Mkitaka kutumia kisa cha familia au picha ya mtoto, ombeni ruhusa, elezeni itaonekana wapi, na wakikataa iwe mwisho.

Sasa twende kwenye bajeti, na hapa tarehe ndizo kila kitu. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Watu wengi hupata hasira mwezi Juni, bajeti inaposomwa. Wakati huo chungu kimeshaiva. Taarifa ya Sera ya Bajeti hupelekwa Bungeni kufikia Februari 15, na humo ndimo viwango vya kila wizara huwekwa. Makadirio hufika Bungeni kufikia Aprili 30, na Katiba inaitaka kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi kabla ya kupitisha. Kwa kaunti, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa kufikia Septemba mosi, Mkakati wa Fedha kufikia Februari 28, makadirio Aprili 30. Kama jedwali lenu la bei za soko halijakamilika Januari, mmeukosa mwaka.

Na mjue mlango wa kubisha. Inua Jamii ni ya serikali ya kitaifa. Gavana hawezi kuongeza hata shilingi kumi, basi msipoteze mkutano wake kwa hilo. Lakini shule za chekechea ni za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Uji wa watoto wa chekechea ni swali la gavana na la mwakilishi wadi wenu, na hawana pa kulirusha.

Mkisimama mbele ya kamati mna dakika tatu, pengine tano. Msizitumie kusifu wageni waalikwa. Semeni idadi na gharama. Mfano: mmekuta wazee 300 wenye sifa katika wadi wasiolipwa. Mia tatu mara 2,000 mara 12 ni shilingi milioni 7.2 kwa mwaka. Mnataka kiwango kiongezwe nchi nzima? Kila shilingi 100 inayoongezwa kwa mwezi, kwa watu milioni moja, ni shilingi bilioni 1.2 kwa mwaka. Mkidai nyongeza ya 1,000, jueni mnadai bilioni 12, na muwe tayari na jibu la zitakatwa wapi. Mjumbe atauliza. Asiyekuwa na jibu hapo hukaa chini.

Maoni ya mdomo yafuatwe na maandishi siku hiyo hiyo, yakiwa na muhuri. Na kamati ikinyamaza, kuna ombi rasmi kwa Bunge chini ya Kifungu cha 119. Laweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono au kwa mashine. Lazima lieleze mmejaribu wapi kabla ya kufika hapo, ndiyo maana zile nakala zenye muhuri ni mali. Liseme kama jambo liko mahakamani au haliko. Lugha iwe ya heshima, mwisho useme wazi mnaloomba Bunge lifanye, na liwe na sahihi au alama ya kidole gumba. Maombi hukwama hasa kwa sababu mwisho huo haupo: kurasa nne za masikitiko, na hakuna mahali palipoandikwa "tunaomba hivi".

Kabla hamjaondoka. Kila lokesheni ichague leo watu watatu: mmoja wa bei za soko, mmoja wa orodha ya waliokosa, mmoja wa barua na kalenda. Wasiwe ndugu wa nyumba moja, na angalau mmoja awe mama. Fomu ya orodha ina safu saba tu: jina, kitambulisho, umri, mpango, tarehe ya kuandikishwa, jibu, aliyejibu. Daftari la kawaida linatosha, lihifadhiwe ndani ya kabati lenye kufuli. Wasaidizi wa kisheria wako kwenye meza zile tatu upande wa mlango na wataandika barua za kwanza sasa hivi, kwa wale waliokuja na nakala za vitambulisho. Waliokuja bila nakala waandikishe majina, wapangiwe siku. Wazee na wenye mikongojo wahudumiwe kwanza, tafadhali vijana mpishe.